Laptopu Isiyokoroma

Siku hizi pale Kibiti kila kijana ana kompyuta mfukoni na hakuna anayemshangaa mwenzake. Mwanasiti, ambaye mvi zimeanza kumbishia hodi, hucheka peke yake akikumbuka mwaka ule daraja la Rufiji lilipokuwa bado jipya, soko huria limenoga, na mitumba ya kila namna inamiminika barabarani: mashati, baiskeli, majokofu, na mwisho wa yote laptopu. Watu walikwenda kuzitazama kama wanavyokwenda kumtazama bibi harusi. Zilikuwa nzito, zimejaa mikwaruzo, nyingine bado zimebandikwa majina ya Wazungu ambao hata hawajui vitu vyao vimefika wapi. Lakini raha yake ilikuwa kubwa, na mtu aliyeikosa miaka ile ni taabu kumweleza.

Wakati huo Mwanasiti alikuwa na kibanda cha kuchapa barua karibu na stendi, na taipureta iliyokuwa ikiruka herufi ikijisikia. Alihitaji mashine ya kazi za kila siku. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu ya pili alimwambia mdogo wake Twalibu peke yake. Mama yao, Bi Mwanabibi, alikuwa na uvimbe shingoni, na daktari huko Dar alikwisha kusema utakatwa baada ya mavuno. Akaongeza, kwa upole wao ule madaktari, kwamba sauti huenda ikarudi na huenda isirudi.

Sasa, sauti ya Bi Mwanabibi ilijulikana Mbuchi nzima, kijijini kwao. Huko, mpunga ukishatoa masuke, watu huhamia kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na kazi inakuwa moja tu, kuamia, yaani kufukuza mnana na ndege wengine mchana, na nguruwe usiku, wasile mpunga. Wapo wanaogonga makopo, wapo wanaorusha udongo kwa kombeo. Bi Mwanabibi alitumia koo lake. Alipoimba ndege walipaa, na mtu aliyekuwa akipita mtoni aliacha kupiga kasia ili asikilize. Mwanasiti alilala utoto wake wote kwa sauti ile, na wazo la kuikosa lilimtia woga kuliko wazo la kisu chenyewe. Alitaka kuihifadhi mapema.

Kaseti hakuitaka. Waliwahi kuwa na kaseti moja yenye sauti ya marehemu baba yao akisoma maulidi, na redio ikaila, utepe ukatoka kama tambi. Tangu siku hiyo hakuitazama tena redio ile kwa jicho jema. Alisikia kwamba kompyuta inahifadhi sauti bila utepe, akashika njia kwenda kwa Abdulswamadu, aliyekuwa akileta laptopu kutoka Kariakoo na kuzipanga mezani dukani kwake kama mikate.

"Hii ndiyo dume," Abdulswamadu alisema, akiipapasa moja kubwa nyeusi. "Ina kadi yake ya picha, ya peke yake. Michezo ya magari, filamu za ngumi, vyote inakimbiza. Hiyo ndogo ya kijivu haina kadi. Picha zake zinapikwa jiko moja na kazi nyingine zote. Ya kuandikia tu hiyo."

Twalibu alikwisha kupenda. Alikuwa ameinamia ile nyeusi, macho yamemtoka. "Dada, chukua hii. Mchana weye unachapa barua zako, jioni miye nafungua kibanda cha video. Kibiti nzima itakuja."

Mwanasiti aliomba zote mbili ziwashwe, akaketi akawa anachapa kidogo hapa, kidogo pale, bila haraka, na mwenye duka akaanza kuhema kwa kuchoka kungoja. Ile nyeusi ilianza kwa adabu. Baadaye ikavuma, kisha ikanguruma hasa. Mwanasiti akapitisha kiganja chini yake, kama anayempima mtoto joto, akakitoa upesi.

"Hii ina homa."

"Si homa, dada yangu, ni nguvu. Kadi ile inatoa moto, feni ndiyo inaipoza."

"Na betri yake?"

Abdulswamadu alijikuna sikio. Alikuwa mfanyabiashara, ila alikuwa na hofu ya Mungu. "Yenye kadi haikai na betri, nisikufiche. Inakula sana. Hiyo ndogo unaweza kuiacha adhuhuri na alasiri ukaikuta hai."

Mwanasiti akaweka sikio juu ya ile ya kijivu. Alisikia makondakta wa stendi wakiita abiria wa Ikwiriri, akasikia muuza maji, lakini mashine yenyewe hakuisikia. Chini yake ilikuwa vuguvugu tu, kama chapati iliyosahauliwa.

"Nachukua hii."

"Tutachekwa," alisema Twalibu. "Watu wananunua kompyuta, siye tunanunua juzuu ya madrasa."

"Debe tupu haliachi kuvuma, mdogo wangu. Nifungie, kaka."

Na kweli walichekwa. Vijana wa stendi walipita kibandani kuuliza kama ile nayo ni laptopu au ni kikokotoo kilichonenepa, na Twalibu alikaa amenuna hata chakula akawa anakula amegeukia ukuta.

Kazi ikawa Bi Mwanabibi mwenyewe. Kuimba Kibiti, alikohamia kwa wanawe, alikataa katakata. "Nimwamie nani hapa? Kuku wa Muzdalifa?" Huyo Muzdalifa alikuwa jirani yao, na kuku wake walikuwa na ujeuri wao, lakini hoja ilieleweka. Basi betri ikajazwa kwenye duka lenye jenereta, maiki ikafungwa ndani ya kanga, wakasafiri wote watatu hadi Mbuchi, kwenye shamba la zamani, ambalo sasa lilikuwa likilimwa na binamu yao Mwanamina. Huko umeme ulikuwa habari ya kusikia kwa watu, kwa hiyo betri ile ndiyo ilikuwa yote waliyokuwa nayo.

Walipanda dunguni asubuhi, umande haujakauka. Bi Mwanabibi, aliposikia kwamba mashine ile imenunuliwa kwa ajili yake, aliona si heshima kuiweka chini hivihivi. Alitoa mto wa usufi akailaza juu yake, kisha akaifunika kitambaa cheupe alichokitarizi kwa mkono wake, kama alivyoifunika redio yake siku zote ili isile vumbi. Mwanasiti, kwa furaha ya kumwona mama yake ameridhia, akaacha. Mama akasafisha koo, akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Inakoroma," alisema.

Kweli ilikuwa ikikoroma. Feni yake ndogo, ambayo kule dukani haikusikika, ilikuwa inalia kwa kukosa pumzi. Twalibu akacheka mpaka akashika nguzo ya dungu.

"Hata hii isiyo na kadi mmeitia homa! Mama, huyu si mgonjwa wa kufunikwa. Mmemziba pua."

Akaondoa kitambaa, akavuta mto, akailaza mashine tupu juu ya fito za sakafu, zilizoachiana nafasi, upepo wa shamba ukipita katikati yake kutoka chini. Baada ya muda ikapoa, ikanyamaza. Hapo Twalibu akaitazama kwa mara ya kwanza bila kinyongo. Mwanasiti akawaonya wote: asikohoe mtu, asijikune mtu, hata kupumua kuwe kwa kiasi.

Bi Mwanabibi akaushika mwamba wa dungu, ile boriti ya paa, akaita.

"Hooo, mnana, hooo! Hapa si kwako, pita, hooo!"

Sauti ilikuwa ileile. Mwanasiti alihisi machozi yakimjia, akayazuia yasije yakamfanya apenge kamasi. Mama alinyamaza, akainamisha kichwa upande. Kwenye kioo mstari wa sauti ulilala sawasawa, bila mvumo wowote, na Mwanasiti akajisifu moyoni kwa kuchagua vizuri. Mama akaita tena. Akanyamaza tena, kwa muda mrefu zaidi. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti ya kufukuza ndege tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna watu ndani.

Ndipo Mwanasiti alipoacha kutazama kioo akatazama anakotazama mama yake. Shamba la pili lilikuwa majani matupu. Pale ndipo lilipokuwa dungu la Bi Mwajabu, jirani wa mama yake shambani, kabla mafuriko ya El Nino hayajalichukua na mwenyewe hajahamia Chumbi kwa wanawe, ambako alifia. Na palepale Mwanasiti akakumbuka kitu ambacho akili yake ilikuwa imekitupa: utotoni hakulala kwa sauti moja, alilala kwa sauti mbili. Mmoja aliita, mwenziwe akaitikia kutoka ng'ambo, na aliyeita hakuendelea mpaka aitikiwe. Hivyo ndivyo wanawake wale walivyojua kwamba mwenzao yu macho, hajaumwa, hajavamiwa na nguruwe. Mwanasiti alikuwa ameweka akilini sauti ya mama peke yake, nusu ya wimbo, akadhani ndio wimbo. Na sasa alikuwa amemfunga kila mtu mdomo ili hiyo nusu isikike vizuri.

Aibu ilimpanda, na huruma ikaifuata. Alisahau maiki, akainuka, akaitikia kwa maneno ya Bi Mwajabu.

"Hooo! Na kwangu hapana, hooo!"

Ilikuwa sauti ya karani, kavu, haijawahi kufukuza hata shomoro. Bi Mwanabibi hakugeuka. Mabega yake yalishuka, akavuta pumzi, akaushika wimbo pale ulipokuwa ukimsubiri, akaimba, Mwanasiti akimwitikia, mpaka betri ikaisha.

Mavuno yalipopita walikwenda Dar. Bi Mwanabibi alirudi mzima, ila sauti ilibaki mnong'ono, na hivyo ndivyo alivyozungumza na watu mpaka mwisho wa maisha yake. Twalibu, ambaye alikwisha kuwa fundi wa hiyo mashine kuliko mwenyewe, alijitolea kusafisha ule wimbo: aondoe vile vimya vitatu vya mwanzo, na sauti ya dada yake iliyokwenda upogo, nje ya wimbo. Mwanasiti alikataa, kwa ukali hata akajishangaa.

Jioni moja mama yake aliomba awekewe. Wakaketi wawili barazani. Mwito wa kwanza ukapita, na kimya chake. Wa pili ukapita. Kwenye kimya cha tatu Bi Mwanabibi alimshika binti yake mkono, akamsogelea sikioni.

"Hapa," alinong'ona, "nilijua nimebaki peke yangu."

Mwanasiti akaufunika mkono ule kwa wake. Ikawa ile laptopu ndiyo iliyomjibu mama, kwa sauti ya binti mwenyewe, kavu na isiyojua njia: na kwangu hapana, hooo.