Mate ya Mwenye Damu

Shangazi yangu, dada yake baba, ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea ni cha kwanza ukiingia uani. Humo ndimo nilimojifunza kwamba uzi ukiupitisha kwenye kipande cha mshumaa haufungi mafundo, kwamba sindano ukiichomeka kwenye sabuni kwanza itateleza hata kwenye jinzi, na kwamba kifungo cha koti hushonwa juu ya njiti ya kiberiti, kisha njiti unaichomoa, ili kifungo kisikabe kitambaa. Yeye huniita Chujio kwa jinsi vidole vyangu vinavyotobolewa na sindano. Yeye mwenyewe, na kila mteja lazima aambiwe, hajajichoma tangu aanze kazi.

Asubuhi moja tulikuwa tunamalizia gauni jeupe la muuguzi, jirani yetu, aliyekuwa anaapishwa saa nne. Umeme ulikatika alfajiri, lakini gauni lilishapigwa pasi jana yake. Lilibaki pindo tu, la kushona kwa mkono. Shangazi alianzia kushoto, mimi kulia, kitambaa kimerundikana mapajani mwetu. Tulipokutana tukakata uzi, tukalitundika. Hapo ndipo tukaliona: tone la damu, dogo kama punje ya mtama, kiunoni, mbele kabisa.

"Chujio!"

Nikatazama vidole. Kweli, kimoja kilikuwa na alama mbichi. "Nisamehe, shangazi."

"Msamaha hautoi damu. Tukilifua halikauki, na pasi hatuna. Unataka mtoto wa watu akaape na doa?"

Dawa yake naijua. Unachukua uzi mweupe wa pamba, unautafuna mpaka uwe kidonge chenye mate, unagongagonga nacho doa. Ila mate yawe ya mwenye damu. Ya mtu mwingine, anasema, ni maji tu.

Nikatafuna, nikagonga. Uzi wa pili. Wa tatu. Doa limekaa palepale, kama limelipia kodi.

"Unagonga kama unalibembeleza! Hebu gonga!"

Ndipo nilipomwangalia yeye. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa aproni, na tangu tulitundike gauni haukuwa umetoka. Hata kikombe cha chai alikisogeza kwa kiwiko.

Nikaendelea kutafuna. Kumwambia mtu aliyenilea "damu ni yako" ni maneno mazito. Na nje kukapigwa hodi.

"Mama fundi! Limeiva?" Ni muuguzi, kaja mapema.

"Limeiva, linapoa!" Shangazi alijibu kwa sauti nyembamba. "Subiri hapohapo!"

Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Nikakata uzi mpya, mkavu, nikauweka mezani mbele yake.

"Shangazi, mate yangu yamekauka kwa woga. Jaribu yako."

"Yangu yana nini?"

"Yamekaa kazini miaka mingi."

Alinitazama kama anakagua kitambaa asichokiamini. Mimi sikungoja jibu. Nilitoka nikavuta mlango, nikamwambia muuguzi avue viatu vyenye tope, nikamwomba anisomee kiapo chake nione kama amekishika. Akasoma. Nikamwambia arudie, sijasikia vizuri. Kwa kweli sikusikia hata neno moja. Masikio yangu yote yalikuwa ndani.

"Mlete!" shangazi akaita.

Niliingia macho yakiwa kiunoni mwa gauni. Peupe. Palibaki unyevu kidogo, nao ulikuwa unakauka wenyewe. Nikamwita muuguzi aingie.

Muuguzi akavaa, akazunguka mara tatu, akamkumbatia shangazi, kisha akaondoka mbiombio, pindo kalishika juu lisiguse tope.

Tukabaki wawili. Shangazi akakaa, akashusha pumzi ndefu, halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akatoa mkono wa kushoto, akauweka mezani. Kidole kilikuwa na kitobo chekundu.

"Umejua saa ngapi?"

"Kitambo."

"Na ukanyamaza!"

"Mdomo ulikuwa umejaa uzi, shangazi."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. "Ole wako umwambie mtu. Nakushona huo mdomo, tena kwa uzi wa magunia."

"Shona tu," nikasema, "ila damu ikitoka, ujue ya nani."