Mkate wa Mayai na Basi Lisilosimama

Dereva huyo abiria walimwita Taratibu, na jina likamkaa. Kila asubuhi alikuwa analisimamisha basi mbele ya kibanda cha Mama Mayai, anateremka kununua mkate wa mayai, na nusu ya abiria wanamfuata. Eti njaa. Njaa gani! Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye kondakta wake, alijua fika kwamba kaka ameshakunywa uji nyumbani hadi kusaza. Mgane wa watu alikuwa amekufa akaoza kwa mpika mayai, ila kumwambia hathubutu.

Ndipo kampuni ikapiga marufuku: dereva atakayesimama kwa chakula, kazi hana. Tangu hapo Taratibu akikaribia kibanda anakaza macho barabarani, shingo imeganda, anapita. Kwenda kumweleza Mama Mayai sababu, wapi! Aliona haya.

Leo mkaguzi wa kampuni alikaa kiti cha mbele, tai shingoni, ndita usoni. Taratibu akakaza macho kuliko siku zote. Akapita kibanda, akapita na kituo cha jirani. Mara ubavu wa basi ukagongwa: ngo! Kondakta akigonga mara moja, maana yake simama.

"Huyu mtoto ananitania mbele ya mkaguzi," akawaza, akakanyaga mafuta.

"Kaka, umeruka abiria!" kondakta akapaza sauti.

Akatazama kioo cha pembeni. Yarabi! Mama Mayai, aproni kiunoni, anakimbia na hotipoti kifuani, kandambili moja imebaki nyuma. Huruma ikamshika, na mapenzi juu yake. Akijua vizuri nani amekaa kiti cha mbele, akafunga breki.

Mama Mayai akapanda akihema. Harufu ya mayai ikajaa basi zima, mkaguzi mwenyewe akameza mate.

"Dereva, umesimama kwa chakula?"

"Nimesimama kwa abiria, bosi. Nilimruka kituoni, kosa langu."

"Na hiyo hotipoti?"

"Mzigo wa abiria," kondakta akadakia. "Mbona wewe na mkoba wako hatujakuuliza?"

Basi zima likaangua kicheko. Mkaguzi akajikuta naye anacheka. "Haya, abiria ni abiria. Twende."

Mama Mayai hakucheka. Alishika bomba lililo nyuma ya dereva.

"Nimekuja na swali moja tu, kisha nashuka hapo mbele. Nimekukosea nini? Unapita, hata kunitazama hunitazami. Kama umepata jiko jingine, niambie, niache kukuwekea."

"Makubwa!" mmoja akanong'ona huko nyuma.

Taratibu jasho likamtoka. Alitaka kutaja kampuni, marufuku, mkaguzi. Badala yake ukweli ukamponyoka.

"Sikutazami kwa sababu nikikutazama, nitasimama."

Mama Mayai akaketi, hotipoti mapajani. Kituo kilipofika hakushuka, wala kilichofuata.