Mguu wa Ofumbi

Mara ya tatu Selpher alipojikuta kwenye barabara iendayo kijiji cha Molo, jua lilikuwa utosini na kivuli chake kilikuwa kimejikunyata miguuni pake. Alikuwa ametoka kwenye baraza ya duka, mjini Tororo, kwenda kununua nyuzi umbali wa hatua hamsini. Nyuzi hakuzinunua. Mguu wake wa kulia, ule aliozaliwa nao, ulikuwa umejaa malengelenge. Wa kushoto, wa mbao, ulikuwa bado unataka kwenda.

Akasimama, akageuka kuzitazama alama alizoziacha vumbini. Unyayo wa kulia ulikuwa umetapatapa huku na huku, kama wa mtu anayeburutwa. Alama za mbao zilikuwa zimenyooka kama mshono wa cherehani.

Selpher alikuwa mjane aliyeolewa Masaba, upande wa Busia, na riziki yake ilikuwa ushonaji. Donda ndugu lilimnyang'anya mguu chini ya goti mwaka 1962, naye kwa miaka miwili alitambaa kwa mikono katika matope ya mji, watu wakimruka kama dimbwi. Hatimaye aliuza mbuzi wote alioachiwa na mumewe, akanunua mguu kwa Chama cha Huruma, kilichowahudumia vilema wa wilaya. Tangu siku hiyo alikata vitambaa akiwa amesimama, na wateja wakaanza kumwita mama badala ya yule kiwete. Hakuwa tayari kurudi chini.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya chama, akamkuta Bibi Kevina, katibu, akipanga mikanda ya ngozi.

"Mguu wenu unanipeleka Molo," alisema.

Bibi Kevina alicheka hadi akaivua miwani. "Mama, hiyo ni mbao ya mvule. Ingekuwa na akili, ningeiajiri ukarani."

"Ingefanya kazi kuliko wewe. Nani aliuvaa kabla yangu?"

Kicheko kilikatika.

"Rangi imebanduka kwenye kifundo," Selpher aliendelea. "Chini yake kuna rangi nyingine, na chini ya hiyo kuna jina lililokwanguliwa."

Bibi Kevina aliufunga mlango. "Aliitwa Ofumbi. Mtu wa Molo, alikuwa kibarua wa reli. Amekwisha kufa. Kanuni yetu ni kwamba mwenye mguu akifa, chama huuchukua na kumwuzia mwingine. Wewe pia uliitilia dole gumba kanuni hiyo."

"Naye aliununua?"

"Aliununua."

"Basi mmeiuza mara mbili mbao mliyopewa bure na watu wa kanisa."

"Tungeigawa bure, nusu yenu mngeipikia ugali!" Bibi Kevina alipandisha sauti. "Anayenunua hutunza. Na faida hiyo ndiyo inayomlipa fundi, ndiyo itakayompatia mguu mtu wa mwakani. Unataka niufunge mlango huu kwa ajili ya maiti?"

Selpher aliutazama mguu wake; mwaka juzi mtu wa mwakani alikuwa yeye.

"Mliuchukua lini?" aliuliza.

Bibi Kevina alizirudia ngozi zake. "Kabla jeneza halijapigiliwa misumari," alisema bila kuinua uso.

Selpher alimkodi Ikiring, aliyekuwa akibeba watu kwa baiskeli, ampeleke Molo. Nyumba ya Ofumbi hakuijua, wala hakuhitaji kuijua. Kila walipofika njia panda, mguu wa mbao ulijigeuza wenyewe na kuelekeza ncha yake.

"Mama, leo iko nzito sana," Ikiring alilalamika, jasho likimtiririka. "Kama nabeba watu mbili."

"Wewe endesha tu, baba."

Kwenye boma moja la mwisho mguu ulitulia. Bikizee mmoja alikuwa ameketi uani, ameligeuzia lango mgongo, akipepeta wimbi. Selpher alishuka, akapiga hatua tatu.

"Umechelewa, Ofumbi," alisema bikizee bila kugeuka. "Uji umepoa."

Alipogeuka na kumwona mwanamke mgeni, hakushtuka. Wala hakumtazama usoni, aliutazama mguu. Jina lake lilikuwa Athieno, naye ndiye aliyekuwa mama wa marehemu.

Alimwongoza mgeni nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limesakafiwa vizuri, lakini kando yake, upande wa kushoto, palikuwa na shimo jembamba, refu kama mguu, lililopaliliwa na kuachwa wazi.

"Kwetu mtu haendi kwa wazee wake akiwa pungufu," Athieno alisema. "Alioununua kwa jasho lake ulikuwa mguu wake. Tangu wauchukue hapumziki. Mchana kama huu hukaa hapo, akiniuliza mguu wake umefika wapi."

Alitoa kwenye mkunjo wa nguo yake kamba ya katani yenye fundo moja. Kwa kamba hiyo seremala wa jeneza alikuwa amempima Ofumbi, mguu mzima na mguu wa mbao, akapiga fundo pale mbao ilipoishia. Athieno alipiga magoti, akaupima mguu alioufunga Selpher. Fundo lilipita kisigino kwa vidole viwili.

"Wameukata."

"Walinipimia mimi," Selpher alinong'ona. "Huenda mwanao alikuwa mrefu."

Bikizee aliikunja kamba yake.

"Basi si wake tena peke yake," alisema. "Mguu huu una kipimo chako pia ndani yake. Uvae, mwanangu. Tembea nao utakako, hautakupoteza tena. Ila siku yako ikifika, utaletwa hapa ulazwe ubavuni mwake, muwe nao nyote wawili, kama mtu na mkewe."

Selpher aliiona akilini meza yake ya kukatia, akayaona mafungu ya sare za shule yaliyokuwa yakimngoja. Kisha aliiona Masaba, na nafasi moja iliyoachwa kando ya kaburi la mumewe, Phanuel, ambapo kila mwaka aling'oa magugu kwa mikono yake mwenyewe.

"Nina mume," alisema. "Ananingoja mwaka wa tisa sasa. Hajui Molo iko wapi."

"Basi uache," Athieno alijibu, bila hasira.

Mikanda ilikuwa migumu kufunguka. Selpher aliulaza mguu shimoni mwenyewe, na kwenye kisigino pakabaki upenyo wa vidole viwili. Athieno alifukia. Mjane alitambaa uani hadi langoni, kwa mikono ambayo tangu hapo ingekuwa miguu yake, na Ikiring akampandisha kwenye baiskeli.

Hawakuwa wamefika mbali waliposikia hatua uani. Moja ilikuwa laini, moja ya mbao, laini, mbao. Ile ya mbao ilichelewa kidogo kila mara kuifikia ardhi.

"Polepole, baba," sauti ya bikizee ilibembeleza. "Utauzoea."

"Mama," Ikiring aliuliza, "nani ile natembea?"

"Kanyaga," alisema Selpher. "Usigeuke."