Kicheko cha Verna

Kazi yangu ilikuwa kucheka kwa niaba ya watu. Nilikuwa na sanduku lenye vitufe thelathini na viwili, na nyuma ya kila kitufe mkanda wa sauti: wanaume wanaoguna, wasichana wanaocheka kichinichini, ukumbi mzima ukivunjika mbavu. Mchezo wa vichekesho ukishapigwa picha hapa Burbank, na watazamaji hawakucheka vya kutosha, filamu ililetwa kwangu Jumamosi asubuhi, nami nikaichekea. Jina langu ni Milo Hruska. Ukiona ni kazi ya aibu, sikubishii, ila nilikuwa naiweza kuliko mtu yeyote.

Kitufe cha tisa kilikuwa na mwanamke mmoja tu. Kicheko chake kilipanda kama mtu anayepanda ngazi mbio, kikakata, akavuta pumzi, akaanza tena. Siku zote alicheka mapema kidogo kuliko wenzake. Nilimnasa sauti mwaka 1965, safu ya tatu ukumbini, wala sikumwuliza jina. Nilimpenda, nikamtumia kila mahali.

Sasa nije kwa Hosea Tillery. Alizaliwa Macon, Georgia, na akiwa na miaka kumi na sita alikuwa tayari anacheza dansi kwenye mahema ya maonyesho. Redioni aliigiza sauti za watu sita peke yake. Katika filamu thelathini na kitu alibeba mizigo ya wazungu na kukimbia mizuka. Televisheni ilipomchukua, ilimvisha koti jeupe la mtumishi, ikamwita Lucius, ikamtia nyumbani kwa Kanali Farraday kwa miaka tisa. Kila Jumanne saa mbili usiku Lucius aliogopa kitu, akadondosha bakuli la supu, akayatoa macho mpaka nchi nzima ikalia kwa kucheka. Watu weusi wenzake walimwandikia barua za matusi kwa sababu ya macho yale. Alizisoma zote, akazihifadhi.

Jumatatu moja ya Februari 1973 tulikaa mezani kusoma maandishi ya wiki ile, kama kawaida. Hosea alifika ukurasa wa kumi na nne, akaufunga.

"Mimi bakuli sidondoshi tena."

Norbert Sklar, mtayarishaji, aliweka donati yake chini. "Mzee, si miaka tisa unadondosha?"

"Na miaka tisa nani anaokota?"

"Hosea, usinianzie siasa asubuhi yote hii."

"Siasa gani? Mimi naongea habari za supu."

Meza nzima ilicheka, isipokuwa Sklar. "Haya, Ijumaa fanya unavyotaka," alisema. "Wasipocheka, mkataba wako unaisha Mei, na usije hapa hata kuomba kahawa."

"Na wakicheka?"

Sklar akaokota donati yake. Wote tulidhani amekubali, na hapo ndipo tulipokuwa wajinga.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kanali alinguruma: "Lucius! Kuna mzuka ghorofani! Panda ukautazame!" Watu wakajiweka tayari, maana walijua kinachofuata. Hosea akaliweka bakuli mezani taratibu. Akavuta kiti cha Kanali mwenyewe, akaketi, akajifunga kitambaa shingoni, akaonja supu.

Sekunde tano. Katika kazi yetu, kimya cha sekunde tano ni matanga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na saa mkononi.

Kisha, bila kuinua kichwa, akasema: "Mzuka uko kwenye nyumba yako, Kanali. Mimi nimepanga Mtaa wa Hamsini na Nne."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na vicheko ndiyo kazi yangu. Watu walisimama. Aliyeigiza Kanali, mtu wa miaka arobaini jukwaani, alisahau maneno yake. Na safari hii hakuna aliyekuwa akimcheka Lucius.

Jumamosi Sklar akaniletea filamu. Nilipoitazama, roho iliniuma. Alikuwa amechukua kipande cha mwaka uliopita, koti lile lile, meza ile ile, akakichomeka katikati ya zile sekunde tano: macho ya Hosea, makubwa, yakizunguka. Sasa ilionekana Lucius ameketi kwa sababu miguu imemwishia nguvu kwa hofu.

"Lakini walicheka, Norbert."

"Wenye sabuni wanaolipia mchezo hawataki mtumishi kwenye kiti cha bwana wake. Yatie macho kicheko. Anza na yule mama yako wa kitufe cha tisa."

Nilibonyeza tisa. Nakiri, nilibonyeza.

Mlango ukafunguka, akaingia Hosea na kofia mkononi. Waigizaji hawaji chumba kile. Msichana wa kukata filamu alikuwa amempigia simu. Nilidhani atayatazama macho yake kwenye filamu ukutani. Hata hakugeuka.

"Milo, rudia."

"Nirudie nini?"

"Huyo mwanamke."

Nikarudia. Akaketi juu ya kasha la filamu.

"Huyo ni Verna, mke wangu. Nimemzika miaka minne sasa. Alikuwa akikaa safu ya tatu, kila Ijumaa, na hakuna siku aliyoyacheka macho yangu. Nikiyatoa, yeye anatazama mkoba wake. Halafu Jumanne tumekaa kwenye kochi, mimi na yeye, kimya, na televisheni inacheka kwa sauti yake. Akaniuliza, 'Hosea, mbona wananichekesha nisichokicheka?' Nikamwambia, mke wangu, unajidanganya, sauti zinafanana." Akaizungusha kofia. "Nilijua ni yeye. Nilikuwa naitaka kazi."

Sklar alikohoa. "Pole sana, mzee. Kweli kabisa, pole. Milo, tumia kitufe kingine."

Kitufe kingine! Nikazima sanduku, nikalifunga, nikautia ufunguo mfukoni.

"Yaache macho yako humo, Norbert. Yaende Jumanne. Lakini mimi siyachekei."

"Unacheza na mkate wako."

"Ni mkate wangu. Hebu tazama."

Nikaiendesha filamu bila kicheko. Macho yakatoka, yakazunguka, chumba kimya. Tulichokiona ukutani ni mzee wa watu aliyeshikwa na hofu, basi. Sklar alivumilia mara moja. Mara ya pili aliinamisha kichwa. Sanduku nililiunda mwenyewe, hakuna mwingine aliyejua kuliendesha, na Jumanne ilikuwa mlangoni.

"Kitoe hicho kipande," alisema hatimaye, akivaa koti. "Na wewe utatafuta kazi, Milo."

"Nitatafuta. Na wewe tafuta wa kukuchekea."

Alipoondoka nilifungua sanduku, nikautoa mkanda wa tisa, nikautia ndani ya kopo la tumbaku na kumpa Hosea. Akalitikisa kopo kidogo sikioni, akalitia mfukoni. "Jumanne njoo nyumbani," alisema. "Napika supu ya mkia wa ng'ombe."

Jumanne nikaenda Mtaa wa Hamsini na Nne. Aliniketisha kwenye kochi, kopo likiwa kati yetu, kila mtu na bakuli lake mapajani. Saa mbili na dakika kumi na saba Lucius aliketi kwenye kiti cha Kanali. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu.

"Hapa," Hosea alisema. "Hapa hapa Verna angeanza."

Na televisheni ikanyamaza mpaka tano, Lucius akasema neno lake, kisha ukumbi ukapasuka kwa kicheko cha watu wenyewe.

Simu ikaita. Mimi ndiye niliyekuwa karibu nayo. Nikapokea, nikasikiliza, kisha nikaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Ni Sklar. Wenye sabuni wamemjia juu. Anasema Mei ni mbali, tumekwisha leo, mimi na wewe. Anataka kukwambia mwenyewe."

Hosea alikuwa akijifunga kitambaa shingoni.

"Mwambie angoje," alisema. "Supu inapoa."