Mosi ya Mashine

Shamsiya alikuwa hoi, hata hasira aliionea uvivu. Mwaka wa pili huu alikuwa akisimamia, bila mshahara, mwongozo wa mtandaoni wa programu huria ya kukokotoa maji kujaa na kupwa, kazi ya watu wa kujitolea. Alikuwa ameiagiza kompyuta iujenge upya kila Jumamosi, masahihisho ya wiki yaonekane. Na kila Jumamosi lawama zilimfuata kwa simu mpaka nyumbani kwake Raskazone: tumesahihisha tangu juzi, mbona ukurasa ni ule ule? Huyu ataka ujengwe kila siku, yule kila neno likibadilika. Naye hujibu, "Subirini."

Asubuhi moja Mufaddal, mwenye duka la vyombo na mwenzake katika kazi hiyo, alifungua mipangilio, akacheka mpaka akashika meza.

"Dada Shamsiya, nani kaandika moja hapa penye siku ya kujenga?"

"Mimi. Jumamosi si ndiyo mosi?"

"Kwetu. Kwa kompyuta, moja ni Jumatatu. Jumamosi ni sita."

Shamsiya hakucheka. Muda wote huo mashine ilikuwa ikimtii. Aliivuta kompyuta, akaandika juu kabisa ya mwongozo, "Hujengwa upya kila Jumatatu," kisha akaujenga mwenyewe papo hapo.

"Lo! Si ubadilishe tarakimu tu?"

"Mashine haijakosa hata wiki moja," akasema, "wala haijanipigia kelele. Iache na siku yake."

Jumamosi iliyofuata simu yake haikulia. Alilala mpaka adhana ya adhuhuri.