Jina la Ofisi ya Magdalena

Siku ya mnada pale Ikungi, mwaka 1975, Magdalena alisimama mbele ya chumba chake kando ya barabara ya Dodoma, akimtazama Paskali, fundi rangi, akiandika jina kwenye ubao. Ndani palikuwa na meza na mabenchi mawili. Kijiji kilikuwa kimemruhusu kufungua ofisi ya safari, awe anawatafutia watu nafasi kwenye mabasi na malori na kuwatunzia mizigo. Kilichobaki ni jina tu.

"Andika Maendeleo," alisema mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Bonaventura, kisha akaenda zake mnadani.

Paskali akaandika. Kabla hajaosha brashi, herufi ziliteremka ubaoni moja moja kama siafu, zikapita katikati ya miguu yake, zikaingia majanini. Akaandika Umoja, nalo likaondoka. Azimio lilikaa kidogo, kisha likayafuata mengine.

"Labda ubao una mafuta," alisema Paskali.

"Labda," alisema Magdalena, akaingia ndani kuinjika chai.

Jua lilipopungua makali, mama yake, Dina, akatokea barabarani. Dina alikuwa amefariki zamani, akazikwa nyuma ya tembe lao, kule walikokaa kabla ya Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Alikuwa na vumbi hadi magotini na kibuyu cha maziwa begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmehama bila kuniambia."

Magdalena alimletea maji ya kunawa miguu. Akamweleza kwamba lori lilikuja asubuhi moja, wanamgambo wakachoma nyumba ili mtu asirudi, na hata mtungi hawakupata nafasi ya kuuchukua.

"Nilisikia moto," alisema Dina. "Nikajua mmekwenda. Njia nimewauliza warina asali." Akaketi kwenye benchi, akashusha pumzi. "Nyuma yangu wanakuja wengine. Watafutie nafasi, miguu yao si kama yangu."

Wiki iliyofuata mabenchi yote yalijaa. Kila marehemu alitaja jina la mtoto wake, na Magdalena akawauliza madereva mtoto huyo alihamishiwa kijiji gani. Makondakta hawakuleta ubishi, maana abiria wale hawakusukumana mlangoni. Walishukuru tu, wakashukuru tena, mpaka dereva akapiga honi. Huko walikoshukia, watoto wao walimtumia Magdalena karanga, asali, na jogoo mmoja mwekundu.

"Mama, ofisi haina jina," alisema Magdalena.

"Andika tulichokuwa tukiambiana njiani. Tumewafuata."

Paskali akaandika TUMEWAFUATA. Herufi zikatulia, zikakauka.

Bonaventura alipopita kuuliza kwa nini jina alilolichagua halikutumika, alimkuta baba yake, marehemu Mzee Alute, ameketi kwenye benchi akisubiri gari. Akavua kofia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni wewe uliyeshika kiberiti?"

"Yalikuwa maagizo, baba."

"Na nyumba yetu?"

"Haitajengwa tena."

"Na kurudi?"

"Hairuhusiwi."

Mzee Alute aliinuka taratibu. "Basi nionyeshe unapokaa." Bonaventura akabeba furushi la baba yake, wakaondoka. Kesho yake aliongoza mkutano wa kijiji kama kawaida.

Kule walikotoka, miiba ilikwisha kuota juu ya majivu, na hakuna aliyeitwa kujibu kwa nyumba zilizochomwa. Magdalena alilijua hilo. Jioni ya mkutano ule alifunga ofisi mapema, akasonga ugali wa uwele, akampakulia mama yake kwanza.

Dina akakata tonge, akalionja.

"Ugali umelegea," alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu Magdalena. Akarudisha sufuria motoni, akaongeza unga, na moyo wake ukashukuru kwa kila neno la lawama ile.