Mkanda Usiogoma

Binti aliyeitwa Taratibu alipovuta mkanda wa kamera kwa picha ya thelathini na nane ndipo alipojua kuna kosa. Mjomba wake, mpiga picha, alikuwa amemfundisha wiki mbili nzima kwamba ukifika thelathini na sita mkanda unagoma, na ukigoma usiulazimishe. Huu haukugoma. Ulivutika laini kama uzi wa cherehani.

Jina la Taratibu alipewa nyumbani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku hiyo Mjomba alikuwa amelala na homa nyuma ya studio, hivyo binti aliachiwa kamera peke yake na akapachika mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Tena aliyepigwa picha hakuwa mpita njia. Alikuwa Bibi yake, nyumbani kwake ng'ambo ya barabara, na saa sita gari lingemchukua kwenda kupasuliwa moyo. Picha yake pekee duniani ilikuwa ya kitambulisho, ametoa macho kama aliyefumaniwa na kuku wa jirani. Alitaka nyingine, nzuri, kabla. Kabla ya nini hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Taratibu aliaga kwamba anakwenda mara moja, akavuka barabara mbio.

Mjomba alimsikiliza akiwa amejifunika shuka hadi kidevuni. Aliuliza neno moja tu, kama mfuniko wa nyuma umefunguliwa. Aliposikia haujafunguliwa, akashusha pumzi.

"Zungusha kile kifundo cha kurudishia mkanda, pale juu ya kamera," akasema. "Kikiwa kizito, Bibi yumo. Kikizunguka chepesi, mama, ulikuwa unapiga hewa."

Maadamu hajakigusa, Bibi alikuwa yumo na hayumo. Mwishowe akafumba macho, akazungusha. Kikazunguka chepesi, kama kifuniko cha chupa tupu.

Ncha ya mkanda haikuwa imeshika. Asubuhi aliivuta kidogo mno kwa kuogopa kuiharibu, na woga huohuo ndio uliomponza. Mjomba hakumgombeza. Alimwambia mkanda ni mzima, aupachike upya, aivute ncha bila kuionea huruma, na huku anavuta atazame kile kifundo: kikizunguka chenyewe, umeshika. Alifanya hivyo. Kikazunguka.

Alipotoka nje, gari lilikuwa limeshafika mlangoni kwa Bibi.

Bibi alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mlango wazi. Kando yake alisimama Mama Mkubwa na mkoba wa nguo, akilalamika kwamba daktari hangojei watu. Taratibu angeweza kunyamaza. Angesema baadaye kwamba picha zimeharibika, wakati hakuna wa kumuuliza. Wazo hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Bibi, picha za asubuhi hazikushika. Hata kwenye moja humo."

Mama Mkubwa akaguna, akasema ndiyo maana kazi ya mtu haiachiwi mtoto.

"Nimekaza shingo asubuhi nzima bure," Bibi akasema. "Haya, piga."

Taratibu akainua kamera. Mle kwenye kidirisha akaona jambo ambalo macho yake hayakuwa yameliona tangu alfajiri: midomo ya Bibi ilikuwa ikitetemeka, na mikono yake imeshikana kwa nguvu, kucha zimekuwa nyeupe. Akangoja. Bibi alipovuta pumzi, akabonyeza.

"Tayari, twende," akasema Mama Mkubwa.

"Bado," Bibi akadakia. Kisha, kwa sauti ya chini, akimwelekea binti peke yake: "Usiache. Piga tena."

Hapo Taratibu akaelewa. Maadamu kamera iko juu, gari haliondoki. Akavuta mkanda polepole, akarekebisha mwanga ambao haukuhitaji kurekebishwa, akarudi nyuma hatua moja, akasogea mbele tena. Dereva akawasha injini. Bibi akanyoosha shingo.

Zilikuwa zimebaki picha thelathini na tano.